Mivengi ya kijitoni, ngedere na mahindi: je, nikate?

*"Kamwene mtaalamu. Mimi ni mkulima huku Mufindi. Nina kinyungu, shamba dogo la bondeni penye unyevu, na kwenye ukingo wa kijito ipo mivengi sita mikubwa aliyoiacha baba. Kila mwaka kuanzia Desemba matunda yakiiva ni vurugu: mchana ngedere na ndege, usiku popo na nguruwe pori. Ngedere wakimaliza mivengi wanahamia kwenye mahindi, na mwaka jana nguruwe walifukua nusu ya viazi vyangu. Jirani yangu, ambaye upande wake amepanda milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye maji, ananiambia mvengi na mlingoti ni ukoo mmoja, kwamba yote inakunywa maji sawa, kwamba ndiyo maana kijito kimepungua, na kwamba hao popo wataniletea ugonjwa wa Marburg. Majani ya mivengi yenyewe yana vipele, naogopa visihamie kwenye miche yangu ya parachichi. Ajabu ni kwamba juu kwenye chemchemi, ambako hatujawahi kupanda kitu, inaota mivengi midogo. Nimeshapata mtu wa chenso, msumeno wa mashine. Nikate yote nipande parachichi, au niache?"*

Kamwene nawe, ndugu yangu. Mtu wa chenso mwambie asubiri, au mpe kazi nyingine nitakayoitaja huko mbele. Jirani yako ametoa madai manne: moja amepatia, mawili amekosea, na la nne amelisema nusu. Sitayafuata kwa mpangilio wake, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umelitaja kwa kupita tu, pale ulipoandika kuhusu ile mivengi midogo ya kwenye chemchemi. Nitalifikia.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mti uleule, maana majina ya miti hubadilika ukivuka bonde. Shika jani moja. Kama ni gumu kama ngozi, lina ukijani unaoelekea buluu, limekaa wawili wawili kwenye kitawi, na kikonyo chake karibu hakipo, yaani kitako cha jani kimekikumbatia kitawi kwa umbo la moyo, basi huo ndio mvengi ambao vitabu vya misitu huuandika *Syzygium cordatum*. Hilo neno la pili maana yake ni "wenye umbo la moyo". Ukikuta kikonyo kinachoonekana wazi, huenda una ndugu yake wa karibu, *Syzygium guineense*. Usihangaike, karibu yote nitakayosema yanauhusu na huo pia.

Sasa habari ya ukoo. Hapo jirani yuko sahihi kabisa, na nilicheka kidogo niliposoma, kwa sababu wengi hawajui. Mvengi, mlingoti, mpera, mzambarau na hata mkarafuu wa Pemba ni watu wa ukoo mmoja. Ponda jani la kila mmoja unuse, utapata harufu ya mafuta. Lakini kuwa na kaka mlevi hakukufanyi nawe uwe mlevi.

Unywaji wa mti uko hivi. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mti huvifungua ili uvute hewa ya kutengenezea chakula chake, na kila vikifunguka maji huponyoka kama mvuke. Mizizi hulazimika kuleta mengine. Kwa hiyo kila mti unakunywa, mvengi ukiwemo. Ila mti unaotengeneza mbao kwa haraka unalipia haraka hiyo kwa maji, na mlingoti tumeuleta hapa kwa sababu hiyo hiyo ya kukua mbio. Mvengi hukua taratibu kuliko mlingoti; hiyo sita ya baba yako haikufika ilipo kwa miaka kumi. Halafu hesabu idadi. Milingoti ikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inabeba miti zaidi ya 1,100. Wewe una sita.

Kuna na suala la mizizi kufika chini. Kijito chako mwezi wa Oktoba hakiishi kwa mvua, kwa kuwa mvua hakuna. Kinaishi kwa maji yaliyozama ardhini kati ya Januari na Aprili, yanayotoka pole pole kama maji ya kwenye mtungi unaovuja. Shamba zima la milingoti mlimani hupeleka mizizi hadi kwenye akiba hiyo na kuinywa kabla haijafika bondeni. Afrika Kusini, mahali panapoitwa Mokobulaan, watafiti walilijaribu jambo hili kwenye bonde la majani ya nyanda za juu lisilotofautiana sana na vilima vyenu. Walipanda milingoti, wakapima kijito. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na bado ilichukua miaka mitano zaidi kabla maji hayajarudi kutiririka mwaka mzima. Hiyo miaka mitano uikumbuke, kwa sababu hata jirani akikata yote kesho, usitegemee kuyaona maji Oktoba ijayo.

Baada ya kumkosoa jirani, niwakosoe na wenzangu. Kwenye kampeni za kupanda miti nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mvengi "unaleta maji". Hakuna mti unaotengeneza maji. Mvengi uko pale kwa sababu maji yapo. Unavumilia kusimama kwenye tope ambalo lingeua miti mingi mingine. Kazi yake ni nyingine: mizizi yake hushika ukingo usimeguke mafuriko yakija, kivuli chake hupoza maji, na majani yanayooza chini yake huyapunguzia kasi maji ya mvua ili yazame badala ya kukimbia na udongo wako. Ni mlinzi mzuri wa ukingo. Lakini ukipanda mivengi mia kwenye chemchemi iliyokwisha kukaushwa, utapata mivengi mia iliyodumaa.

Na hapa naomba nikuulize wewe swali: kinyungu chako umekitoa maji kwa mifereji ya kina gani? Ule udongo mweusi wa bondeni, wenye mizizi iliyooza tangu enzi za mababu, ndio sifongo wenyewe. Ukichimbwa mfereji wa kufika magotini hadi kwenye kijito, sifongo inakamuliwa. Ikikauka na kuchomwa moto msimu wa kiangazi, inasinyaa na haivimbi tena kama zamani. Sijaliona bonde lako, ila katika mabonde niliyoyatembelea kuanzia Mafinga hadi Njombe, kijito kilichopungua mara nyingi kilikuwa na sababu mbili kwa pamoja: milingoti juu na mifereji chini. Mivengi ya ukingoni sijawahi kuikuta na hatia.

Tuje kwa wageni wako. Mvengi ukichanua hutoa maua meupe yenye nyuzi nyingi kama brashi, yaliyojaa asali, na nyuki huyafuata tangu alfajiri. Majani yake huliwa na viwavi wa baadhi ya wale vipepeo wakubwa wa jamii ya *Charaxes*, wanaoruka kwa kasi kama wamerushwa kwa manati, kisha unawakuta wametua kwenye kinyesi au tunda lililochacha wakinywa bila haya. Matunda yakishaiva na kuwa na rangi ya zambarau, kila mtu anakuja na namna yake ya kula, na namna hiyo ndiyo inayoamua mti utaota wapi.

Ndege kama kulukulu na hondohondo humeza tunda zima, na mbegu huitoa mbali, ikiwa safi. Ngedere wana mifuko mashavuni. Hujaza haraka haraka wakimwogopa mbwa wako, hukimbilia mahali salama, huko hutafuna nyama na kutema mbegu. Popo wa matunda huchuma moja moja, huenda nalo kwenye mti mwingine, hulikamua kwa meno, humeza maji na kuangusha makapi pamoja na mbegu. Nguruwe pori simsifii sana, kwa sababu meno yake huvunja mbegu nyingi. Yeye ni mlaji tu.

Mbegu ya mvengi haijui kungoja. Mbegu ya hindi unaweza kuitundika juu ya moshi wa jiko hadi Novemba, lakini ya mvengi ikikauka imekufa. Inataka kuvuliwa nyama na kufika kwenye udongo wenye unyevu siku chache tu baada ya kuiva. Nikiwa kijana kazini nilianika gunia zima la mbegu hizo kwa wiki tatu, kwa bidii, kama nilivyofundishwa kuanika mbegu nyingine. Haikuota hata moja, na bosi wangu alinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Sasa fikiria: matunda yanayoanguka kwenye kijito yanakwenda wapi? Yanashuka na maji, kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani. Maji hayawezi kupandisha mbegu hata moja kuelekea kwenye chemchemi. Ile mivengi midogo ya juu, ambako hamjawahi kupanda kitu, imepandishwa mlima ndani ya tumbo la kulukulu, shavuni kwa ngedere au mdomoni mwa popo. Hao unaowaita vurugu wamekuwa wakikupandia miche kwenye chanzo cha maji bila malipo, na mivengi sita ya baba yako ndiyo kitalu chao. Ukikata kitalu, miche ya chemchemini inaweza kuendelea, lakini hautakuja mwingine nyuma yake.

Najua haya hayakurudishii viazi. Kwa hiyo tuzungumze shamba.

Angalia kalenda. Matunda yako huiva kuanzia Desemba. Wakati huo mahindi ya Mufindi bado ni majani, na ngedere wanaokuja wanafuata mvengi. Mahindi yanapoanza kuwa na maziwa, mvengi umekwisha au unakwisha, nao wanageukia mahindi. Ukikata mivengi, ngedere hawatahamia wilaya nyingine. Wanalala kwenye miti ya bonde na ya jirani yako, na watabaki hapo, ila Desemba watakuwa na njaa. Sikuahidi kwamba mvengi unapunguza uharibifu wa mahindi. Nasema tu kwamba kuukata hakutauondoa, na kunaweza kuuanzisha mapema zaidi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mvengi unachangia kweli, nalo ni ukaribu. Tawi linaloning'inia juu ya mahindi ni ngazi. Na nguruwe anayekuja usiku kufuata harufu ya matunda yaliyodondoka, akikuta viazi hatua tano kutoka hapo, atavifukua. Mimi pia ningevifukua. Hapo ndipo mtu wa chenso anapata kazi yake ya kwanza: apunguze matawi ya upande wa shamba tu, si upande wa maji. Viazi na mahindi visogeze mbali na ukingo, na kati yake na mivengi acha ukanda wa majani unaofyekwa, ili ngedere aone wazi kwamba hana pa kujificha. Karibu na ukanda huo panda mazao wasiyoyapenda, kama vitunguu saumu au pilipili. Msimu wa matunda, okoteni yaliyodondoka upande wa shamba kila jioni, mkiwa na glavu. Na kama una mizinga, itundike kwenye mivengi yenyewe: utavuna asali ya maua yake, na mtu yeyote atafikiri mara mbili kabla ya kuupanda mti huo usiku.

Kuhusu kubadilisha mivengi kwa parachichi, hapo nakuomba usifanye, hata ukipuuza yote niliyoandika. Mparachichi hauvumilii miguu yenye maji. Kwenye udongo uliotota, mizizi yake huozeshwa na ugonjwa wa ukungu wa ardhini. Mti unaanza kupauka, majani yanakuwa madogo, na unakufa ukiwa umeshautumia pesa ya mbolea miaka mitatu. Mahali mvengi unapofurahia kusimama ndipo mparachichi unapokufa. Pandisha parachichi zako kwenye mteremko, panapotoa maji vizuri.

Vipele vya majani visikunyime usingizi. Mara nyingi ni kazi ya vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu, na jani hujikunja au kuvimba kuvizunguka. Mvengi mkubwa huvibeba mwaka hadi mwaka bila kudhoofika. Mparachichi ni wa ukoo mwingine kabisa, na vidudu vya namna hii huchagua sana mti wa kuishi. Ukiona dalili kama hizo kwenye parachichi, hicho ni kisa kingine. Mwite afisa ugani.

Popo sasa. Jirani hajatunga. Marburg imetokea nchini kwetu mara mbili mkoani Kagera, mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2025, na virusi vyake vinahusishwa na aina ya popo wa matunda anayelala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Lakini si kila popo anayeruka usiku ni yeye, na hatari kubwa humpata mtu anayeingia mapangoni mwao, anayewashika, au anayemhudumia mgonjwa bila kinga. Kukata mti hakuondoi popo, na kuwafukuza kwa moto au kuwapiga kwa manati kunawaleta karibu na mikono yenu, jambo ambalo hasa tunataka kuliepuka. Sheria ya nyumbani iwe hivi: watoto wasile tunda lenye alama za meno wala lililodondoka chini, wayaoshe yale wanayochuma, na mtu yeyote asimshike popo, mzima au mfu. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na popo au ngedere, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa hakiwi cha mbwa peke yake. Hili halingoji majibu yangu.

Kuna na sheria ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kudhuru mazingira ya hapo. Najua vinyungu vingi vimo ndani ya mita hizo, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa mboga za humo, sitajifanya sijui. Lakini kulima mboga za kiangazi bila kuvuruga ukingo na kung'oa miti ya asili ili uweke shamba la kudumu la matunda ni mambo mawili tofauti mbele ya afisa yeyote. Na jirani mwenye milingoti hadi kwenye maji ana swali gumu zaidi la kujibu kuliko wewe. Usimwendee kwa vitisho. Mwendee na habari ya Mokobulaan, au mpeleke kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji kama mnayo. Maji yenu ni mamoja.

Akikubali, hiyo ndiyo kazi ya pili ya mtu wa chenso. Aanze na mistari iliyo karibu na maji, kwa awamu, ili ukingo usibaki uchi msimu mmoja. Mlingoti ukikatwa huchipua, kwa hiyo machipukizi yang'olewe kila yanapotokea hadi kisiki kichoke. Dawa za kuua visiki msizitumie ukingoni, kwa sababu mnayanywa maji hayo nyinyi, na baada yenu wanayanywa walio huko chini. Katikati ya visiki pandeni mivengi, michache, si msitu. Sehemu zenye matete na majani ya kinamasi ziachwe zilivyo, maana zenyewe zinafanya kazi.

Kabla ya kuamua lolote la kudumu, mwombe afisa misitu wa wilaya aje atembee na wewe kuanzia chemchemi hadi kwa jirani. Kuhusu mpaka wa mita 60 na mifereji, ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini, na kama kijito chako kinamwaga Ruaha Mdogo au Ndembera, wao ndio wenyewe. Nguruwe wakizidi, au ngedere wakianza kuwakabili watu, ni kazi ya afisa wanyamapori. Usitege wala kuweka sumu. Ni kosa kisheria, na sumu haichagui kati ya nguruwe na mbwa wako.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, usiisubiri Machi. Januari, asubuhi, okota matunda yaliyoiva vizuri, ukivaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Yasugue kwenye ndoo ya maji hadi nyama itoke, na siku hiyo hiyo fukia mbegu kwenye viriba vyenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, kina cha ncha ya kidole. Weka kivulini, mwagilia usiache pakauke. Zitaota ndani ya wiki kadhaa. Zikinge na baridi ya Juni na Julai, ile inayoacha barafu juu ya majani alfajiri, kwa kuwa mche mchanga hauiwezi. Mvua za mwisho wa mwaka zikishika, miche uipande ukingoni, na uiwekee uzio wa miti dhidi ya mbuzi.